Mkono Usio na Bangili

Pascasie alishuka kwenye pikipiki karibu na daraja la Lukuga, akamaliza njia kwa miguu. Siyo kwamba alipenda kutembea. Alikuwa amesinzia mara mbili mgongoni mwa dereva, na mara ya pili dereva alimgutusha kwa kiwiko: "Mama, ukianguka hapa, mimi njo nitaulizwa!" Basi akaona heri ashuke, miguu imwamshe.

Siku kumi alikuwa huko upande wa Katanika, kwenye kilio cha mama yake mkubwa aliyemlea. Siku kumi za kubeba maji, kusonga bukari ya watu wengi, kusugua masufuria yenye masizi, na kulala ubavu kwa ubavu na wanawake wanaokoroma. Kulia kwenyewe hakupata nafasi. Kila alipotaka kukaa chini alie, kuna mtu aliita, "Pasca, chumvi iko wapi?"

Jana jioni simu yake ililia. Alikuwa Mama Olga, mwalimu wake wa kazi. "Mwalimu wangu," ndivyo Pascasie alivyopenda kumtaja, kwa sababu tangu alipomaliza darasa la sita hakuwa na mwalimu mwingine.

"Pasca, papa ya Myriam anakuja kesho saa ine. Anamutoa mutoto hapa shuleni. Bato yake, meli ya kwenda Moba, inaondoka saa kumi. Nimemuomba aone kwanza, amekubali kwa shida. Rudi, hata kwa siku moja."

Shangazi Alphonsine, aliyekuwa mkubwa wa kilio, hakupendezwa hata kidogo.

"Kilio hakijaondolewa, wewe unaenda wapi na hicho kichwa?"

"Kuna mtoto, Shangazi."

"Mtoto wa nani?"

"Wa watu."

"Wa watu!" Shangazi aliwageukia wanawake wengine kama kutafuta mashahidi. "Haya, nenda. Kesho usiku nikuone hapa. Na vitu vyako vinabaki."

Vitu hivyo ni nini? Kwao, mama wa nyumba akifa, wanawake wake hunyoa nywele na kuvua kila pambo, hereni, shanga, bangili, vyote vikawekwa ndani ya beseni moja na kufunikwa kwa kitambaa mpaka siku ya kuondoa kilio. Anayevitoa kabla ya siku hiyo ni kama anasema marehemu hakuwa kitu. Pascasie alikuwa na pambo moja tu maishani, bangili nene ya shaba iliyobonyea upande mmoja, aliyopewa na huyohuyo mama mkubwa. Alfajiri, akitafuta viatu vyake gizani, alipita kando ya beseni na kuiona bangili ikichungulia chini ya kitambaa. Aliiona kwa macho. Akili haikuiona. Akapata viatu, akatoka.

Shule ilikuwa kwenye mteremko unaoelekea ziwani, na klasi ya Mama Olga ilikuwa chumba cha mwisho, pale upepo unapoleta harufu ya ndagala walioanikwa mchangani. Wanafunzi walikuwa wanane. Saba hawaoni, au wanaona ukungu tu, na hao walisoma kwa vidole, wakitoboa nukta kwenye karatasi ngumu kwa kijisumari, chumba kizima kikilia tak-tak-tak kama mvua ya kwanza kwenye bati. Wa nane alikuwa Myriam, mwenye miaka tisa. Myriam haoni, na wala hasikii. Tangu kuzaliwa.

Pascasie aliingia hapo miaka minne iliyopita kama mfagiaji. Mama Olga akamwona anavyoacha ufagio, anachuchumaa karibu na yule mtoto wa pembeni, anakaa tu bila kumshika, anangoja. Siku moja akamwambia, "Wewe unajua kungoja. Hiyo haifundishwi. Mengine nitakufundisha." Tangu hapo ufagio ulipata mwenyewe mwingine, na kazi ya Pascasie ikawa mikono ya Myriam.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi humgusa Myriam begani, kisha humpa mkono. Vidole vya Myriam hupanda moja kwa moja mpaka kwenye kifundo cha mkono pale bangili inapokaa, vinaizungusha mara moja, vinatafuta ule ubonyeo, vikiupata mtoto anacheka. Hapo ndipo siku inaanza. Kila jambo lina kitu chake. Kijiko ni kula. Kipande cha sabuni ni kunawa. Kikombe cha bati ni kunywa. Kamba ni kutoka nje kwenye bembea. Jambo likiisha, Myriam hukitia kitu chake ndani ya kikapu kinachokaa mwisho wa ukuta, kisha wanapangusa viganja pamoja, mikono ya Pascasie juu ya mikono yake, kama watu wanaokung'uta unga. Imeisha.

Lakini vitu ni vitu. Mama Olga alitaka alama, yaani neno la mikono. Kwa kunywa, dole gumba linaenda mdomoni. Miaka miwili Pascasie alilishika dole gumba lile, kutoka kwenye kikombe mpaka mdomoni, kutoka kwenye kikombe mpaka mdomoni, na lilikwenda popote lilipopelekwa, likaachiwa, likaanguka. Myriam hakuwahi kulinyanyua mwenyewe.

"Bado yuko kwenye vitu," Mama Olga husema. "Siku atakapotaja kitu ambacho hakiko mkononi, hiyo siku mlango umefunguka."

Papa Omer, baba yake Myriam, hakuomba mengi. Alisema neno moja. Aone binti yake akisema neno moja bila kushikwa mkono, atamwacha shuleni. Asipoona, anampeleka Kirungu, milimani juu ya Moba, kwa bibi yake. Na Kirungu Pascasie alikujua kwa kuambiwa: milima, baridi, mkeka mlangoni, na bibi mwema atakayemlisha, amwoshe na kumlaza mpaka mmoja wao afe.

Alipofika mlangoni tak-tak ilinyamaza.

"Ni Mama Pasca!" Huyo alikuwa Mamie, msichana wa miaka kumi na miwili asiyeona, mwenye mdomo usiolala. "Lakini unanuka moshi! Umekuwa ndagala wa kukausha?"

"Nyamaza wewe, nimetoka kilioni."

"Pole, Mama. Leta kichwa." Mamie alipapasa, akashtuka. "Yoo! Wamekumaliza. Ni kipara kama Papa direkta."

Watoto wakacheka, na Pascasie naye akacheka kidogo, cheko la kwanza baada ya siku kumi. Kisha akamwona Papa Omer.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la watoto, magoti yamepanda mpaka kifuani. Alifanya kazi bandarini. Koti lake lilikuwa na vumbi la simenti, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya Pascasie mwenyewe. Bandari ya Moba ilikuwa imemwita kazini huko. Mfuko wa Myriam, aliokwisha kuuchukua nyumbani kwa dada yake, ulikuwa kati ya miguu yake, umefungwa.

"Mama Pasca, pole kwa kilio."

"Asante, Papa."

"Sina nia mbaya. Dada yangu Carine njo anakaa na mutoto, na amechoka. Kumwogesha, kumuleta, kumurudisha. Kama mutoto angekuwa anajifunza, ningemwambia avumilie. Lakini nimwambie avumilie nini?"

Pascasie alimtafuta mtoto kwa macho. Myriam alikuwa pembeni chini ya dirisha, amejikunyata. Nyuma ya mkono wake kulikuwa na alama za meno, yake mwenyewe.

"Siku kumi hakumkubali muntu," Mama Olga alinong'ona. "Mimi, hapana. Nimempa kijiko, amekitupa. Alikuwa anakungoja wewe. Kikombe hiki hapa. Mpe salamu, kisha tujaribu kunywa. Leo ana kiu kweli, nimefanya makusudi."

Pascasie akapiga magoti. Akamgusa begani kama kila siku, akampa mkono.

Vidole vya Myriam viliamka. Vilipanda haraka, kwa furaha, mpaka pale pa siku zote, vikafunga. Vikakuta ngozi tu.

Vikarudi nyuma, vikapanda tena. Ngozi. Vikahamia mkono wa pili. Ngozi. Vikaruka kichwani kutafuta misuko, vikakuta upara unaokwaruza. Myriam akasogeza pua, akanusa moshi wa nyumba asiyoijua. Ndipo akamsukuma Pascasie kwa mikono yote miwili, akapiga ukelele ule wake mrefu asioweza kuusikia, na kuutia mkono mdomoni auume.

Papa Omer alisimama.

"Bangili!" Mama Olga akasema. "Pasca, bangili yako iko wapi?"

Pascasie alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Sasa ndipo akili yake ilipoliona beseni, na kitambaa, na shaba ikichungulia. Miaka minne kazi yake ilikuwa kuangalia, na kumbe alipotakiwa kuangalia kitu kimoja tu alikipita akitafuta viatu.

"Imebaki kilioni, Mama. Tulivua vyote."

"Yesu wangu. Na kuifuata?"

"Hawawezi kunipa." Hakuongeza kwamba naye hawezi kuiomba. Marehemu alikuwa na siku kumi tu ardhini.

Mama Olga akavua bangili yake ya plastiki, akamvisha Pascasie kwa nguvu. "Jaribu, jaribu tu!" Pascasie alijua haitafaa, lakini mwalimu ni mwalimu. Alipompa mkono, Myriam aliigusa ile plastiki kwa kidole kimoja. Mara moja tu. Akaichomoa na kuitupa ikagonga ukuta, na kelele ikazidi. Mtoto hakuwa na haja ya kuona ili ajue anadanganywa.

"Mama Olga, nimeona," Papa Omer akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akainua mfuko. "Mumejaribu, hakuna wa kuwalaumu. Huyu mutoto hata muntu wa kila siku hamujui tena. Wacha tuende, nimpitishe kwa shangazi yake Carine aage."

"Papa, ngoja kidogo," Pascasie alisema kutoka pale chini.

"Ningoje neno?"

"Hapana. Neno wacha. Nataka nimwambie tu kwamba ni mimi. Asiondoke akidhani sikurudi."

"Utamwambia namna gani? Hasikii, haoni, na hakutaki."

"Sijui. Nipe dakika."

Papa Omer akatazama saa ya simu yake. Akakaa tena, mfuko mapajani.

Pascasie aligeuka, akaegemea ukuta kando ya mtoto, akanyoosha miguu. Hakumshika. Aliacha upande wa wayo wake uguse upande wa wayo wa Myriam, basi. Ukuta ulikuwa wa baridi, na kwa jinsi alivyochoka angeweza kulala palepale. Kelele zikapanda, zikashuka, zikawa kwikwi. Mama Olga aliwarudisha wengine kwenye nukta zao, tak-tak ikaanza upya, ya wasiwasi, ikisimama kila mara. Mamie aliuliza, "Ameenda?" akaambiwa "Shh."

Muda ukapita. Mguu wa Myriam haukuondoka.

Kisha mkono ukaja, polepole, kama unaogopa kuungua. Pascasie akaacha wake wazi juu ya paja, kiganja juu. Vidole vikapanda, vikafika pale patupu, vikasimama. Pascasie akavishika taratibu, akavikandamiza hapohapo kwenye ngozi: hapa, ndiyo, hapa. Kisha akaichukua mikono yote miwili ya mtoto, akaipangusa kiganja kwa kiganja. Imeisha. Akarudia. Hapa. Imeisha. Alipofanya mara ya tatu ndipo alipotambua kwamba hakuwa amemwambia mtu yeyote hivyo, siku zote kumi, wala yeye mwenyewe.

Myriam alichomoa mikono. Akasimama. Akaupapasa ukuta, msumari wa kwanza wa kutundikia mifuko, wa pili, wa tatu, mpaka mwisho. Akachuchumaa penye kikapu, akaanza kutoa vitu. Kijiko kikaanguka sakafuni. Sabuni. Kamba. Kila kitu alikishika, akakigeuza, akakitupa nyuma yake.

"Sasa anafanya fujo," Papa Omer akasema.

"Hapana," Mama Olga alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anatafuta."

"Anatafuta nini?"

"Bangili. Ameambiwa imeisha. Vitu vilivyoisha vinakaa humo, njo vile tulimufundisha."

Papa Omer alikuwa ameuweka mfuko chini bila kujua.

Myriam alikigeuza kikapu juu chini, akakipiga kitako. Akaingiza mkono tena, akapapasa mpaka kwenye pembe. Hakuna. Akakaa hapo kitambo, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akarudi, msumari wa tatu, wa pili, wa kwanza, mpaka miguu ya Pascasie ikamzuia.

Akauchukua ule mkono mtupu. Mara hii hakuwa na haraka. Kidole chake kilitembea juu ya ngozi, na mahali shaba ilipokaa miaka yote hiyo kikakuta kitu ambacho hata Pascasie hakuwahi kukiangalia, njia nyembamba ya ngozi laini, imebonyea kidogo, inazunguka mkono mzima. Kidole kikaifuata njia, chini, ubavuni, kikarudi pale kilipoanzia. Myriam akaacha kupumua kwa nguvu. Akauzungushia mkono wa Pascasie dole gumba na kidole cha kati, vikawa pete, akazungusha mara moja, kama alivyokuwa akizungusha bangili.

Halafu akaachia. Akaushika mkono wake mwenyewe, mkono mdogo usio na kitu, usiowahi kuwa na bangili. Akauzungushia ileile pete ya vidole, akazungusha mara moja. Na akainua uso, akangoja.

Tak-tak yote ilikuwa imekufa.

Pascasie alijivuta mbele. Alizungusha vidole vyake kwenye mkono wa Myriam vilevile, mara moja, akakichukua kiganja cha mtoto na kukibandika kifuani mwake. Mimi. Akarudia: pete, kifua. Ni mimi.

Myriam akacheka.

"Nini? Nini?" Mamie alikuwa amesimama. "Kwa nini hamsemi? Sisi hatuoni, jamani!"

"Amefanya nini?" Papa Omer naye aliuliza, kama Mamie tu.

Mama Olga alikuwa na mkono mdomoni. Ikabidi Pascasie aseme. "Ameniita, Papa. Au ameuliza niko wapi. Sijui vizuri ni kipi. Lakini bangili haipo, na hakuna aliyemshika mkono."

"Hiyo ni neno?"

"Ni neno. Ni jina langu. Hatukumfundisha, amelitengeneza yeye mwenyewe."

Papa Omer akakunja pindo la koti lake lenye simenti, akalikunjua. "Na mimi?" alisema hatimaye, taratibu, asisikike na watoto. "Mimi ananiita namna gani?"

Siku nyingine Pascasie angetafuta kitu kitamu cha kusema. Leo nguvu za utamu hakuwa nazo. "Bado hana jina lako, Papa. Mpe mkono."

Mwanaume yule mkubwa akachuchumaa, magoti yakalia. Akanyoosha mkono kama anayempa mbwa asiyemjua. Myriam aliupokea, akaupitia wote, sugu za kiganja, vumbi kati ya vidole, mpaka akafika kwenye dole gumba, lenye ukucha uliopasuka katikati tangu siku kamba ya meli ilipolibana. Hapo akakawia. Akaupitisha ukucha ule kwenye shavu lake, akaupitisha tena, kisha akauachia mkono, akamrudia Pascasie.

"Amefanya nini hapo?"

"Hapo anaangalia tu. Itachukua siku nyingi. Na wewe ukiwa hapa."

"Mimi niko Moba kuanzia leo."

"Basi ukija."

Papa Omer alisimama, akatazama simu yake, akatazama dirishani kuelekea ziwa. Akafungua mfuko wa binti yake, akatoa sweta ya sufu, mpya, nyekundu. "Hii ilikuwa ya baridi ya Kirungu," alisema, "hapa itamutoa jasho." Akaikunja, akaitia ndani ya mfuko wake mwenyewe, mkubwa, uliokuwa mlangoni, ule wa Myriam akautundika kwenye msumari. "Nitamwambia Carine avumilie mpaka vakansi kubwa, shule zikifungwa. Nasema mpaka vakansi, Mama Olga, nisikilize vizuri. Kisha nitakuja kuona."

"Tumesikia, Papa."

"Na nitakuja na ukucha wangu," akasema, kwa mzaha ambao haukumchekesha hata yeye, akainama kupita mlangoni.

Mama Olga alikaa kwenye benchi aliloliacha Papa Omer, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alitaka kusema mambo makubwa, ilionekana usoni. Mwishowe akasema, "Hata maji hajanywa, maskini," akatafuta kikombe.

Pascasie alikuwa anaokota vitu sakafuni: kijiko, kamba, sabuni iliyovunjika vipande viwili. Leo usiku alitakiwa kuwa Katanika tena, kichwa chake ni cha kilio bado, na kesho kuna maji ya kubeba. Na kabla ya hapo ilibidi apate njia ya kumwambia Myriam kwamba anaondoka na kwamba atarudi. Hilo la kurudi halikuwa na kitu chake ndani ya kikapu. Ingebidi walitengeneze.

Aliegemea ukuta afumbe macho, dakika moja tu.

Vidole vikamzunguka mkononi, vikazungusha mara moja.

"Naam," alisema, akaugusisha mkono wa mtoto kifuani. Mimi.

Myriam akafikiri kidogo. Akazungusha tena.

"Naam."

Akazungusha tena, haraka zaidi, akicheka, kama mtu aliyegundua mlango unaofunguka kila anapousukuma. Pascasie, macho ameyafumba, mwili wote unamuuma, akaitika. Akaitwa tena. Akaitika.